Samaki Aliyehesabiwa Kuwa Amekufa

Swali liko mbele yetu na halitaki kuzungushwa. Mtu ambaye hajaonekana kanisani mwaka mzima, tumfute kwenye rejista ama tumwache? Wazee watalikalia Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi. Wengine wenu mmeniuliza maoni yangu mlangoni, wengine kwa simu, na kwa kuwa mimi ndiye hushika ile rejista, nimeona heri niandike mara moja kuliko kumjibu kila mtu kivyake.

Majina yanayozungumziwa ni 38. Nimesikia watu wakisema hiyo ni kazi ya dakika kumi: mtu haonekani, hajaleta ujumbe, simu yake haishiki, basi ameisha. Hilo neno "ameisha" ndilo limenikumbusha samaki mmoja.

Akina mama wanaouza samaki hapa Gikomba wanajua ngege, mbuta na omena, lakini huyu sidhani kama amewahi kufika kwa meza zao. Anaitwa silikanti. Ni samaki wa bahari, wa rangi ya samawati iliyokolea, mrefu karibu kama mtu mzima, na mapezi yake yamekaa kama vijiguu. Kwa muda mrefu wataalamu walimjua ukoo wake kutoka kwa mawe peke yake. Walikuta alama za mifupa yake kwenye miamba ya zamani sana, halafu kwenye miamba ya baadaye hawakukuta kitu. Wakahesabu kwamba ukoo huo ulikwisha yapata miaka milioni 66 iliyopita. (Najua kuna ndugu ambao wataanza na mimi hapo kwa hiyo hesabu ya miaka. Tutakaa siku nyingine tuongee. Leo naomba mnisikilize juu ya samaki.)

Basi tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine ikarudi bandarini East London, Afrika Kusini. Nahodha Hendrik Goosen alikuwa na mazoea ya kumwita dada mmoja wa makumbusho ya mji huo, Marjorie Courtenay-Latimer, aje aangalie kama kuna kitu cha ajabu kwenye wavu. Siku hiyo alikuwa na shughuli nyingi, lakini akaenda, hata kama ni kuwatakia mabaharia sikukuu njema tu. Chini ya rundo la samaki akaona pezi la samawati. Akamtoa. Samaki wa zaidi ya kilo 50. Dereva wa teksi hakutaka kumbeba, wakabishana mpaka akakubali. Akampeleka mochari ili ahifadhiwe kwa baridi, mochari wakamkataa. Hebu fikiria! Samaki ambaye vitabu vilisema amekufa zamani, na hata nyumba ya maiti haina nafasi yake. Mwishowe akamfunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa dawa, akachora picha yake kwenye barua, akamtumia mwalimu mmoja wa Grahamstown aitwaye J.L.B. Smith. Smith alifika Februari 1939, akamwona kwa macho, akathibitisha. Wakampa jina la yule dada na la mto uliokuwa karibu na mahali alipovuliwa: Latimeria chalumnae.

Wahubiri wengi hutumia habari hii kuwacheka wanasayansi. Mimi siwezi kuungana nao. Kwanza, aliyemwona alikuwa mtu wa makumbusho na aliyemthibitisha alikuwa mwanasayansi, na walikubali haraka kuliko vile sisi hukubali tukirekebishwa kwa kamati ya kanisa. Pili, hawakuwa wajinga. Waliangalia ushahidi waliokuwa nao: mifupa hapa, mifupa pale, halafu kimya. Mtu yeyote wa busara angefikia pale walipofikia. Ila kimya hicho kilikuwa cha mawe waliyoyachunguza. Samaki mwenyewe alikuwa anaishi mahali pengine, kwenye miteremko ya mawe chini ya bahari, kina cha mita 100 na zaidi, akishinda mapangoni mchana na kutoka usiku kutafuta chakula.

Na mahali penyewe si mbali. Mwaka wa 2001 mmoja alinaswa na meli ya uvuvi huku kwetu, nje ya Malindi. Kuanzia 2003 wakaanza kuonekana Tanzania, kwanza upande wa Kilwa, kisha Tanga, wengi mpaka serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka wa 2009. Si kwamba samaki walizaana ghafla. Wavuvi walikuwa wameanza kutega majarife ya papa kwenye kina kirefu. Samaki hakuongezeka, wavu ndio ulishuka.

Sasa rudini nami kwa rejista. Rejista yetu ni wavu. Inategwa Jumapili saa tatu asubuhi, inavutwa saa saba, na inanasa yule ambaye amepita hapo katika masaa hayo. Askari wa usiku anayetoka kazini saa moja asubuhi akalala, haimnasi. Dada aliyepata kazi ya nyumba Kileleshwa akapewa ruhusa ya Jumatano, haimnasi. Na tukumbuke hawa 38 walikuwa wanaishi wapi. Nimepitia anwani zao moja kwa moja. Zaidi ya nusu walikuwa upande wa mto. Mwaka wa 2024 mafuriko yalikuja, kisha nyumba za kando ya mto zikabomolewa, na watu wakatawanyika na magodoro kichwani, huyu Kayole, huyu Mwiki, huyu kwa shemeji yake Dandora, mwingine ushago kabisa. Kabla ya hapo tulikuwa na moto wa Juni 2018 uliochukua roho 15 hapa sokoni, na mioto mingine mingi ambayo hatukufa lakini tulibaki bila kitu. Mtu akichomekewa mali yote ya mkopo hubadilisha laini ya simu ili anaomdai wasimpate. Na sisi pia hatumpati. Ukimpigia, ile sauti ya simu husema mteja hapatikani kwa sasa. Hata ile mashine ina adabu ya kusema kwa sasa.

Nimekuwa nikisoma 1 Wafalme sura ya 18 na ya 19 kwa sababu ya jambo hili, na nawaomba mzisome pamoja, si moja moja kama tulivyozoea. Sura ya 19 tunaipenda: Eliya amechoka, amekaa pangoni Horebu, anamwambia Mungu kwamba manabii wote wameuawa na amebaki yeye peke yake. Mungu anamjibu kwamba amejibakishia watu elfu saba ambao hawajampigia Baali goti. Tunahubiri hapo na tunashangilia. Lakini rudi nyuma sura moja. Kabla hata ya moto kushuka Karmeli, Obadia alikuwa amemwambia Eliya uso kwa uso kwamba amewaficha manabii mia moja, hamsini katika pango hili na hamsini katika lile, na anawalisha mkate na maji. Eliya aliambiwa! Alikuwa na habari. Na bado, sura inayofuata, anasimama mbele za Mungu anasema amebaki peke yake.

Sisemi hivyo kumdharau mtumishi wa Mungu. Alikuwa amechoka na kuna mtu alitaka kichwa chake. Ninachoona ni kwamba mtu anaweza kuwa mtakatifu, ameomba moto ukashuka, na bado asijue nani yuko hai. Aliyejua ni Obadia, mfanyakazi wa nyumba ya mfalme, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anabeba mkate. Mkate ukiisha kwa kikapu, unajua kuna watu wamekula.

Kule baharini ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya yule samaki wa 1938, Smith alijua kwamba samaki mmoja hawezi kuwa peke yake. Ana baba na mama. Akachapisha karatasi zenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi pauni 100 kwa atakayeleta mwingine, na zikasambazwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Alingoja miaka 14. Desemba 1952, mvuvi wa kisiwa cha Anjouan huko Komoro, Ahamadi Abdallah, akamvuta mmoja kwa mshipi usiku, akampeleka sokoni asubuhi kama samaki mwingine yeyote. Nusura akatwe vipande. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameiona ile karatasi akawaambia wangoje. Wakambeba kuvuka milima mpaka upande wa pili wa kisiwa, kwa mfanyabiashara wa mashua, Eric Hunt, aliyekuwa amezisambaza zile karatasi. Smith akaletwa kwa ndege ya jeshi. Alipomfikia yule samaki alipiga magoti na kulia.

Lakini sikilizeni hii. Watu wa Komoro walikuwa na jina lake tangu zamani: gombessa. Walikuwa wakimvua mara moja moja na hawakumpenda sana, maana nyama yake si tamu. Inasimuliwa kwamba magamba yake makwaruzo waliyatumia kusugua tyubu ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Yaani wakati ulimwengu uliosoma unasema huyu amekufa, kuna fundi wa baiskeli Komoro anaziba pancha na gamba lake! Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ndiyo maana siamini kikao cha wazee, nikiwemo mimi, kinaweza kukaa kwenye viti na kujua nani ameisha kati ya wale 38. Sisi hatubebi mkate. Ukitaka kujua mtu yuko wapi Gikomba, muulize anayemuuzia uji saa kumi na moja alfajiri. Muulize mweka hazina wa chama chake, kwa sababu mtu anaweza kuacha kanisa lakini hawezi kuacha chama kabla zamu yake haijafika. Muulize kijana wa mkokoteni. Waulize watoto wa Sunday school, wanasoma na watoto wake na wanajua amehamishiwa shule gani.

Kuna jambo lingine ambalo halipendezi, na nimelipata katika habari ya ndege. Huko New Zealand, mwaka wa 1847, mtu aitwaye Walter Mantell aliokota mifupa ya zamani ya ndege mkubwa asiyeruka, ikapelekwa London, na mtaalamu Richard Owen akaipa jina mwaka uliofuata. Ndege wa mifupa tu. Lakini mwaka wa 1849 wawinda sili waliona nyayo kwenye theluji, wakafuata na mbwa, wakamkamata ndege mzima, mzuri, mabawa ya samawati na kijani, mdomo mwekundu mnene. Siku hizo wote walisema ndiye yule. Leo anahesabiwa kuwa ndugu yake wa karibu wa kisiwa cha kusini. Wenyeji, Wamaori, walikuwa na jina lake: takahe. Mwajua wale wawindaji walimfanya nini? Walikaa naye melini siku tatu nne, kisha wakamchoma wakamla. Wakasema ni mtamu. Mantell alipata ngozi.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kidogo. Kwa sababu tumewahi kufanya hivyo. Sitaji jina, lakini kuna ndugu alipotea miezi minane, akarudi Jumapili moja, amesimama nyuma karibu na spika. Kabla ibada haijaisha alikuwa ameulizwa juu ya ahadi yake ya mfuko wa jengo, na ameitwa mbele ashuhudie jinsi shetani alivyomshika. Hakuwa ameshikwa na shetani. Alikuwa anauguza mama yake. Jumapili iliyofuata hakuja, na yeye ni mmoja wa wale 38. Kwa hiyo tukisema tunaenda kutafuta watu, tuambiane kwanza tunawatafutia nini.

Takahe wenyewe walionekana mara chache baada ya hapo, wa mwisho 1898, na wakaandikwa tena kwamba wamekwisha. Miaka 50 ikapita. Mwaka wa 1948 daktari mmoja, Geoffrey Orbell, alipanda milima ya Murchison akaona nyayo asizozijua, akarudi tena Novemba, na akawakuta wako hai kwenye nyasi za bonde. Siku hizi wanalindwa na wamepita 400. Ndege mmoja, amezikwa mara mbili na watu waliosoma.

Sasa, mzee mmoja ninayemheshimu sana ameniambia, "Ndugu yangu, hiyo hadithi yako ni tamu, lakini utafanya watu waishi kwa matumaini ya uongo." Ana haki kusema hivyo, na hapa sitaki kupita haraka. Katika visiwa hivyo hivyo vya New Zealand kuna mifupa ya ndege wengine, moa, baadhi yao wakubwa kuliko mbuni. Nao walitafutwa. Nao watu walitamani wawe kwenye bonde fulani. Hawapo. Walikwisha mamia ya miaka iliyopita, wakaliwa wakaisha. Kutamani hakukuwarudisha.

Na ninamjua mama mmoja, si wa kanisa hili, ambaye kijana wake alitoka asubuhi kwenda kazini Industrial Area na hakurudi. Mtu aliyejiita mtumishi alimwambia amemwona kijana katika roho, yu hai, atarudi baada ya siku saba, apande mbegu. Akapanda. Siku saba zikaisha, akaambiwa aongeze. Aliuza cherehani. Huyo mtu hakuwahi kutembea hata mpaka kituo kimoja cha polisi kuuliza. Hakwenda hospitali. Hakwenda mochari kusimama pale pamoja na yule mama, mahali ambapo alihitaji mtu wa kumshika mkono kuliko mahali pengine popote.

Nimelinganisha yeye na jirani za yule mama waliomwambia, kwa upole, akubali tu kwamba kijana amekufa. Mmoja alisema yu hai, wengine walisema amekufa. Naona walifanya kitu kile kile. Wote walikuwa wameketi. Walisema neno juu ya mtu ambaye hawakuwa wamemtafuta, na neno hilo likawapumzisha wao.

Ezekieli alipowekwa katikati ya bonde la mifupa (sura ya 37) na kuulizwa kama mifupa ile inaweza kuishi, alikuwa na majibu mawili rahisi. Angesema hapana, kwa sababu ilikuwa mikavu sana. Angesema ndiyo, kwa sababu anayeuliza ni Mungu, na jibu hilo lingesikika kama imani. Hakusema lolote kati ya hayo. Alilirudisha swali kwa Mungu, kwamba yeye ndiye ajuaye. Na angalieni, kabla ya kuulizwa alikuwa amezungushwa kandokando ya ile mifupa, akaona wingi wake na ukavu wake. Alikuwa ametembea. Na yule mwanamke wa Luka 15 aliyepoteza fedha moja kati ya kumi aliwasha taa, akafagia nyumba. Hatusomi kwamba alikaa akitangaza kuwa fedha itajitokeza.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wazee ni haya. Hoja ya kwamba rejista iwe ya kweli, naikubali kwa moyo wote. Tukiandika washirika 190 na viti vimekaliwa 150, huo ni uongo, na mfuko wa mazishi hauwezi kuendeshwa kwa majina ambayo hakuna ajuaye yako wapi. Lakini kumwandika mtu "ameondoka" wakati hakuna aliyemwona akiondoka nao ni uongo, na ni mbaya zaidi kwa sababu una matokeo. Jina likishafutwa hakuna atakayeliita kwenye maombi. Siku mama yake atakapofariki, ndugu zake wataleta barua hapa, tutafungua kitabu na kusema hatumjui.

Naomba tuongeze safu ya tatu. Sasa tuna mbili: yupo, ameondoka. Ya tatu iwe: hajulikani alipo. Na kando yake ziandikwe tarehe aliyotafutwa mara ya mwisho na jina la aliyemtafuta. Kama mahali hapo pako tupu, basi tusimjadili mtu huyo kabisa, maana hatuna la kusema. Akipatikana anaabudu kwingine, tuwaandikie wenzetu barua nzuri na tumshukuru Mungu. Akipatikana na hatutaki tena, aseme mwenyewe, tumfute kwa ruhusa yake na tumwachie nambari ya simu. Akipatikana amekufa, tukae matanga hata kama ni mwaka umepita. Na ambaye ametafutwa kweli na hakupatikana, abaki kwenye safu ya tatu. Ni karatasi tu, haituombi chakula.

Orodha ya majina 38 imebandikwa karibu na meza ya sadaka. Msiandike maoni, andikeni mlimwona wapi mara ya mwisho na alikuwa na nani. Tayari kuna moja limepatiwa fununu. Wa saba kwenye orodha, yule kaka wa viatu aliyekuwa akiimba besi, mama wa uji wa upande wa mto amesema huja Jumanne na Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, marobota yanapofunguliwa. Jumanne nitakuwa hapo. Natafuta mtu mmoja wa kwenda naye, ikiwezekana ambaye hamdai.